Maswali ya Wasomaji: Baleghe Isipofika na Mimba Isiposhika

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu, Malindi na kisiwa cha Pate. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanauliza kuhusu homoni za uzazi zinazopungua kwa sababu amri ya kuzitengeneza haikutoka kichwani. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu zaidi, kwa kuwa maelezo yake yatawafaa pia walioandika baada yake.

*Assalamu alaikum, Daktari. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 17. Wenzake wa madrasa wameota ndevu na sauti zao zimekuwa nzito, naye bado ana sauti ya kitoto na hana nywele hata kwapani. Kimo amepata, na mikono na miguu yake ni mirefu. Wazee wa mtaa wananiambia nimpe muda kwa kuwa babake pia alichelewa. Wengine wanataka akaaguliwe. Wenzake wamempa jina baya ambalo siwezi kuliandika. Jambo jengine, sijui kama linahusu: tangu mdogo, nikifukiza udi hausikii, na papa mkavu akiwa jikoni hajui mpaka amwone. Je, kuna dawa? Ataweza kuoa na kupata watoto? — Mama, Langoni, Lamu*

Waalaykumu salaam, mama. Jambo ulilolitaja mwisho kwa kulitilia shaka ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Kijana wa miaka 17 ambaye hajaonyesha dalili yoyote ya kubaleghe, na ambaye tangu utotoni hasikii harufu, anastahili kupimwa bila kungoja zaidi, kwa sababu huenda mambo hayo mawili yana asili moja, nayo ilianza kabla hujamzaa.

Kubaleghe huanzia kichwani. Katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi mna seli elfu chache tu zinazotoa homoni ijulikanayo kwa kifupisho cha GnRH. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo hutoa homoni mbili nyingine, LH na FSH, ambazo husafiri katika damu hadi kwenye korodani za mwanamume au ovari za mwanamke. Kwa mwanamume, LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, ile inayoleta ndevu, sauti nzito na misuli, na FSH hushiriki katika kukuza mbegu za uzazi. Amri ya kwanza ikikosekana, vyote vinavyoifuata hulala, hata kama korodani zenyewe hazina ila yoyote. Miguu na mikono mirefu uliyoiona nayo inaelezeka hivyo hivyo: homoni za baleghe ndizo zinazoifunga mifupa isiendelee kurefuka, na zisipokuja mifupa huendelea.

Sasa nije kwenye pua. Mwaka 1856 mtaalamu wa anatomia wa Uhispania, Aureliano Maestre de San Juan, alichunguza maiti ya mwanamume mwenye korodani ndogo, akakuta kwamba ubongo wake haukuwa na sehemu zinazopokea harufu. Mwaka 1944, huko Marekani, Franz Kallmann na wenzake walieleza kuhusu familia ambamo kukosa baleghe na kukosa kunusa kulikwenda pamoja, na hali hiyo ikabaki na jina lake: sindromu ya Kallmann. Uhusiano wenyewe haukueleweka hadi 1989, wakati Marlene Schwanzel-Fukuda na Donald Pfaff walipoonyesha, kwa kuchunguza vijusi vya panya, kwamba seli za GnRH hazianzii ubongoni. Huanzia puani, kisha hutambaa zikifuata mishipa ya fahamu ya harufu mpaka zifike mahali pake pa kudumu. Mishipa hiyo isipojengeka, seli nazo hukosa njia na kukwama. Mtoto huzaliwa akiwa mzima wa kila kitu machoni pa watu, na pengo halionekani mpaka ufike umri ambao amri ile ingetolewa.

Haina maana kwamba kila mwenye upungufu wa GnRH hana uwezo wa kunusa. Takriban nusu yao hunusa vizuri. Wala wazee waliokwambia umpe muda hawakosei kwa vijana wengi, kwa kuwa sababu ya kawaida kabisa ya mvulana kuchelewa ni kwamba saa ya mwili wake imerithi mwendo wa babake au mamake, na siku moja baleghe huanza yenyewe. Mpaka ambao madaktari huutumia ni huu: mvulana ambaye korodani zake hazijaanza kukua anapotimiza miaka 14, au msichana ambaye matiti hayajaanza kuota anapotimiza miaka 13, achunguzwe. Wengi wa watakaochunguzwa wataambiwa wangoje. Mwanao amepita mpaka huo kwa miaka mitatu, na ana dalili ya pili ambayo kuchelewa kwa urithi hakuileti.

Shida, ambayo watafiti bado wanahangaika nayo, ni kwamba kabla ya miaka 18 hivi damu ya kijana anayechelewa tu na damu ya kijana mwenye upungufu wa kudumu hufanana: wote wawili wana LH, FSH na testosteroni ya chini. Ndiyo maana historia anayoitoa mama ina thamani kubwa kuliko karatasi ya maabara. Ukienda hospitali, mweleze daktari kama korodani zote mbili zilikuwa zimeshuka alipozaliwa, kama uume wake ulikuwa mdogo kupita kiasi, kama alizaliwa na mdomo wa sungura, kama anasikia vizuri kwa masikio yote mawili, na kama mkono mmoja unapofanya kazi ya vidole mkono wa pili huiga bila yeye kutaka. Waulize pia wajomba na mashangazi, kwa faragha, kama kuna aliyeishi bila ndevu au bila hedhi.

Harufu unaweza kuipima nyumbani kabla ya safari. Mfunge macho, umsogezee kahawa, karafuu, asumini na ganda la limau, kimoja kimoja, umwache ataje. Usitumie kitunguu wala pilipili, kwa sababu vitu hivyo huwasha pua na macho kwa njia ya mshipa mwingine wa fahamu, na asiyenusa kabisa ataviona na kuvitaja. Wengi waliozaliwa bila uwezo huo hawajui kwamba wamekosa kitu. Huitikia "ndiyo" wenzao wanaposema halwa inanukia, wakadhani ni namna ya kuzungumza.

Hospitalini daktari atampima kimo, na atakadiria ukubwa wa korodani kwa kuzilinganisha na shanga za duara zilizopangwa kuanzia mililita 1 hadi 25. Zikifika mililita 4 ni ishara kwamba baleghe imeanza. Ataagiza picha ya kifundo cha mkono ili ajue umri wa mifupa. Damu itolewe asubuhi mapema, kwa sababu testosteroni huwa juu zaidi wakati huo. Pamoja na LH, FSH na testosteroni, ipimwe prolaktini (homoni ya maziwa), homoni ya tezi ya thairoidi na, kwa mtoto wa pwani, ugonjwa wa selimundu ambao wengi wetu huuita sikoseli, kwa kuwa huo nao huchelewesha baleghe. Ikiwa LH na FSH zitatoka juu badala ya chini, hadithi hubadilika: amri inatoka ila korodani haziitikii, na hapo hutafutwa kasoro ya kromosomu kama ya Klinefelter, ambayo mvulana huzaliwa na kromosomu ya X ya ziada. Baadhi ya vipimo hivi, na picha ya MRI ya kichwa, huenda vikakupeleka Mombasa. Omba rufaa kwa daktari wa watoto mwenye ujuzi wa homoni. Wapo nchini, na tangu 2008 Nairobi imekuwa kituo cha kuwafunza madaktari wa aina hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika.

Dawa ipo. Ataanzishiwa testosteroni kwa kiwango kidogo, mara nyingi kwa sindano ya msuli ya kila mwezi, nayo itaongezwa polepole kwa miaka miwili hivi ili mwili ubadilike kama wa wenzake. Sauti, ndevu na nguvu zitakuja, na mifupa, ambayo bila homoni hizi huwa myepesi na rahisi kuvunjika, itaimarika. Daktari anaweza kuisimamisha dawa kwa muda baadaye aone kama mwili umeamka wenyewe: mwaka 2007 watafiti wa Marekani na Finland waliripoti wanaume ambao upungufu wao ulikwisha baada ya matibabu, kiasi cha mmoja kati ya kumi. Ataweza kuoa, inshallah. Kuhusu watoto, soma jibu ninalompa ndugu wa Malindi hapa chini, na umwambie daktari mapema kwamba jambo hilo mnalijali, kwa sababu kwa vijana wenye korodani ndogo sana kuna wataalamu wanaopendelea kutanguliza sindano za FSH.

Yamebaki mawili. Usijilaumu wala usikubali kulaumiwa na wakwe. Jeni zaidi ya 40 zimehusishwa na hali hii, na bado takriban nusu ya wagonjwa hawapatikani na jeni inayojulikana. Jeni ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1991, iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mamake, lakini mama anaibeba bila kuijua na bila kuitaka. La pili ni hadhi ya kijana mwenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa Lamu tunayafuata, aliyetimiza miaka 15 kwa mwezi mwandamo huhesabiwa kuwa amebaleghe hata kama hakuona alama yoyote. Ufafanuzi nawaachia masheikh, lakini wenzake wa madrasa wangefaa kukumbushwa somo hilo kabla ya kumpa mtu jina. Na kuhusu kuaguliwa, dua haikatazwi, ila safari ya hospitali isiahirishwe kwa ajili ya kitu chochote.

*Daktari, nimesoma kwamba watafiti wa homoni za uzazi humlaza mtu hospitalini na kumtoa damu kila baada ya dakika 10 usiku kucha. Kwa nini wasitoe mara moja wakatosheka? — Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mkomani, Lamu*

Kwa sababu GnRH haitiririki. Hutoka kwa mapigo. Umbo la homoni hiyo lilifahamika mwaka 1971, baada ya makundi mawili yaliyoshindana vikali, la Andrew Schally na la Roger Guillemin, kusaga ubongo wa maelfu kwa maelfu ya nguruwe na kondoo ili kupata chembe zake. Mwaka 1977 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel na Rosalyn Yalow, aliyebuni njia ya kupima homoni zilizo kidogo mno katika damu, na nionavyo mimi bila njia ya mama huyo wanaume wale wasingefika mbali.

Walipoipata, wengi walitarajia kwamba kumwekea mgonjwa GnRH mfululizo kungemtibu. Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh walionyesha mwaka 1978, kwa nyani wa kike, kwamba ikitiwa mfululizo pituitari huacha kabisa kutoa LH na FSH, na ikitiwa kwa pigo moja kila saa tezi huamka. Ni kama mgeni mlangoni: anayepiga hodi, akanyamaza, kisha akapiga tena hufunguliwa, ila anayegonga bila kupumua wenyeji humzoea wakaendelea na yao. Ugunduzi huo ulizaa tiba mbili zinazopingana. Pampu ndogo inayovaliwa kiunoni, ikitoa pigo kila dakika 90 hadi 120, huwarudishia uzazi wenye upungufu wa GnRH. Na dawa za jamii hiyohiyo zinazokaa mwilini bila kukatika huzima baleghe kwa watoto wadogo walioianza mapema mno. Kipimo kimoja cha damu kinaweza kuangukia kati ya pigo na pigo, kikadanganya. Hivyo damu hutolewa kila dakika 10, na mapigo ya usiku huchunguzwa zaidi, maana baleghe inapoanza huanzia usingizini.

Kuhusu kinachoanzisha mapigo yenyewe, jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Jeni ya KISS1 ilipatikana 1996 na watafiti wa saratani huko Pennsylvania waliokuwa wakitafuta kinachoizuia saratani ya ngozi isisambae. Mwaka 2003 kundi moja la Ufaransa na jingine la Boston, kila moja kivyake, yalichunguza familia ambamo wazazi walikuwa jamaa wa damu na watoto kadhaa hawakubaleghe, wakakuta kwamba kipokezi cha kisspeptini, yaani kitu kinachotokana na jeni hiyo, kilikuwa kimeharibika. Kwetu pwani, ambako binamu kumwoa binamu ni jambo la kawaida, habari hiyo ina maana: jeni yenye kasoro inaweza kupita vizazi bila kumdhuru yeyote mpaka wawili wenye nayo wakutane. Hivi karibuni watafiti wa Boston wamewadunga kisspeptini vijana waliochelewa ili kuona kama LH yao itapanda, na walioitikia ndio waliobaleghe wenyewe baadaye. Kipimo hicho kikifika katika hospitali za kawaida, swali la mama wa Langoni litajibiwa miaka kadhaa mapema.

*Nina miaka 31 na nimeoa miaka mitatu iliyopita. Niligunduliwa na upungufu wa homoni nikiwa na miaka 20 na tangu hapo ninadungwa testosteroni kila baada ya wiki tatu. Ndevu ninazo, na mke wangu hana malalamiko. Lakini hashiki mimba, na kipimo cha manii kimeonyesha kwamba hamna mbegu hata moja. Rafiki mwenye duka la dawa anasema niongeze kipimo cha sindano. Nifuate ushauri wake? — Mume, Maweni, Malindi*

Usiufuate, ndugu yangu. Testosteroni unayodungwa inalisha damu yako, na damu ndiyo inayolisha ndevu na misuli, lakini ili mbegu ziumbike panahitajika testosteroni nyingi zaidi ndani ya korodani zenyewe, inayotengenezwa palepale kwa amri ya LH, na FSH ikisaidia. Sindano haileti hayo. Kinyume chake, ubongo ukiona testosteroni imejaa katika damu huzima hata kile kidogo cha LH na FSH kilichokuwa kikitoka. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti ambamo wanaume wazima wenye uzazi walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki ili ipimwe kama njia ya kupanga uzazi, na wengi wao, ndani ya miezi sita, hawakuwa na mbegu hata moja. Dawa ambayo rafiki yako anataka uiongeze ndiyo hiyo. Nasema hivi pia kwa vijana wa mazoezi wanaojidunga ili wajaze vifua: mnajifunga uzazi, na kwa baadhi huchukua mwaka mzima au zaidi baada ya kuacha kabla haujarudi.

Ulichofanyiwa kwa miaka 11 hakikuwa kosa. Mwili wako uliihitaji testosteroni, na sasa unahitaji dawa nyingine kwa muda. Daktari wa homoni atakusimamishia testosteroni na kukuwekea sindano za hCG, ambazo hufanya kazi ya LH, mara mbili au tatu kwa wiki. Testosteroni itapanda kutoka korodanini mwako mwenyewe, kwa hiyo usihofu kwamba nguvu zitakuishia. Baada ya miezi kadhaa, kama mbegu hazijaonekana, huongezewa FSH. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kuumbika, na matibabu yote yanaweza kuchukua kati ya miezi sita na miaka miwili. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba takriban robo tatu ya wanaume wa hali yako hupata mbegu. Huwa chache kuliko za kawaida, na mara nyingi hutosha. Walioanza na korodani ndogo sana, au ambao korodani hazikushuka utotoni, huhitaji subira zaidi.

FSH ni ghali, nakwambia mapema ili usianze kisha ukakatiza. Keti na mke wako mpange fedha, naye achunguzwe wakati huohuo, kwa sababu ni hasara kungoja miaka miwili kisha mkagundua kwamba mirija yake imeziba. Mbegu zikipatikana, uliza kama zinaweza kugandishwa na kuwekwa akiba kabla ya kurudia testosteroni.

*Nilijifungua mtoto wangu wa tatu miaka miwili iliyopita nikapoteza damu nyingi mpaka nikazirai. Maziwa hayakutoka hata tone. Tangu hapo sijaona siku zangu, nywele za kwapa zimepukutika, nahisi baridi hata wakati wa kaskazi, na nikisimama naona kizunguzungu. Wananiambia ni uchovu wa malezi. — Mama wa watoto watatu, Faza*

Dada yangu, pole sana. Huu si uchovu wa malezi, na ningependa uisome barua hii leo na uondoke kesho. Wakati wa ujauzito tezi ya pituitari hukua, lakini mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kiasi hicho, kwa hiyo damu ya mama ikimwagika sana na shinikizo likashuka, sehemu ya tezi hufa. Harold Sheehan, daktari aliyekuwa akifanya kazi Glasgow, aliieleza hali hii mwaka 1937, na dalili ulizozitaja ndizo zake: maziwa kukosekana kwanza, hedhi kutorudi, nywele kupukutika, baridi, kizunguzungu. Katika nchi ambako damu ya kuongezewa haikosekani imekuwa nadra. Kwa mama anayejifungulia kisiwani, na boti na gari vikiwa kati yake na benki ya damu, bado ipo.

Wanaoandika kama wewe mara nyingi huuliza kwanza kuhusu kupata mtoto mwingine. Hilo linawezekana kwa sindano za FSH na hCG, kwa sababu ovari zako ni nzima. Lakini linalotangulia ni kotisoli, homoni inayoushikilia mwili wakati wa homa, kutapika au upasuaji. Pituitari iliyokufa haiiamuru itengenezwe, na malaria ya kawaida inaweza kukuangusha ghafla. Mwambie daktari maneno haya matatu kwa mpangilio: nilimwaga damu nyingi, maziwa hayakutoka, hedhi haijarudi. Aombe kipimo cha kotisoli cha asubuhi, homoni za thairoidi, LH, FSH, prolaktini, chumvi na sukari ya damu. Ikithibitika, vidonge vya haidrokotisoni, vinavyoshika nafasi ya kotisoli, vianze kabla ya vidonge vya thairoidi, kwa sababu thairoidi ikitangulia huimaliza kotisoli kidogo iliyobaki na kuleta hatari. Ukipata homa kabla hujaonwa, au ukatapika na kushindwa kusimama, usingoje boti ya asubuhi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu na umwonyeshe mhudumu ukurasa huu.